Kifungo kimoja kisizuie boti nzima

Wiki hii naacha kidogo habari za barabara na usalama, nizungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu wa mjini hatukioni, ingawa samaki walio sokoni kwetu wanakitegemea: moteri ya boti. Ndani ya moteri hiyo nachagua sehemu moja tu, ile inayoiinua na kuishusha.

Msimamo wangu nauweka mbele ili tusizungukane. Kila mtu anayeendesha boti yenye moteri ya kifungo lazima ajue kuishusha na kuiinua kwa mkono siku kifungo kikikataa. Na ujuzi wa kutengeneza sehemu hiyo ufundishwe kwa vijana wengi, wahami wakiwemo, usibaki kichwani mwa fundi mmoja anayesubiriwa siku tatu kutoka mjini.

Kwa nini jambo dogo hivi liletwe kwenye ukurasa huu? Tazameni ziwa letu. Ziwa Edouard lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2.000, na sehemu kubwa iko upande wa Congo, nyingine Uganda. Chini ya milima ya magharibi maji yana kina kinachopita mita 100, lakini mahali tunapotua kuna mchanga, majani, nyavu na viboko. Dereva wa boti anayekaribia pwani lazima ainue moteri, la sivyo pangaboi linachimba mchanga au kugonga jiwe. Anayeondoka lazima aishushe, la sivyo pangaboi linapiga hewa. Wavu ukijizungusha kwenye pangaboi katikati ya ziwa, lazima moteri iinuliwe ili mkono ufike. Kwa hiyo moteri iliyogoma chini ni hatari, na iliyogoma juu ni hatari vilevile.

Sasa ongezeni vita juu ya hayo. Mwaka 2024 tuliona familia za Vitshumbi zikitawanyika, na mwishoni mwa Juni mwaka huohuo Kanyabayonga ikaanguka, watu wakapanda kuelekea Lubero na Butembo. Upande wa Beni, mauaji tunayahesabu tangu 2014. Watu wa pwani wanajua kwamba siku risasi zikisikika, barabara haingojewi, watu wanaingia botini. Mama ameshika mtoto, godoro liko kichwani, na dereva anabonyeza kifungo. Moteri imebaki juu kama mkia wa kuku. Siku hiyo hakuna muda wa kumpigia simu fundi wa Butembo.

Nifafanue kwa wale ambao hawajawahi kuishika. Moteri nyingi ndogo za wavuvi wetu, za nguvu 15 au 25, zinainuliwa kwa mkono. Unashika kichwa chake, unavuta, unaiwekea kizuizi, basi. Lakini moteri kubwa, zile za boti za abiria na mizigo, za doria na za mashirika, zinaweza kupita kilo 100, na mtu mmoja hawezi kuzivuta. Ndiyo maana zimewekewa mfumo wa kifungo. Ukibonyeza juu, umeme wa batri unapita kwenye kisanduku kidogo kinachoitwa rele, unazungusha moteri ndogo ya umeme, na hiyo inazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, na silinda inainua moteri nzima. Ukibonyeza chini, moteri ndogo inazunguka kinyume na mafuta yanasukuma upande wa pili. Batri, waya, rele, pampu, mafuta na silinda: mfumo mzima ni huo. Aliyewahi kuona lori la kumwaga mchanga likiinua mgongo wake, amekwisha kuona kazi ya namna hiyo.

Sisi watu wa redio tunaishi kwa sikio, na moteri hii nayo inajulikana kwa sikio kabla ya kufunguliwa. Fundi mzuri hashiki ufunguo kwanza. Anamwambia mtu mmoja abonyeze kifungo, yeye anainama na kusikiliza. Kuna majibu manne.

Jibu la kwanza ni kimya kabisa. Hapo usiguse pampu, maana umeme haujafika. Anzia kwenye batri. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12,6. Ikishuka chini ya 12 imechoka. Tazama vichwa vyake: unga mweupe au wa kijani ni kutu inayozuia umeme. Kisha tafuta fizibule, kile kiuzi kinachokatika umeme ukizidi. Baadaye ndipo ufuate waya na kifungo chenyewe. Na hapa niseme ukweli wa nyumbani kwetu: batri nyingi za boti zinalala kijijini usiku, zikiwasha taa na kuchaji simu za jirani. Asubuhi zinarudi botini zikiwa zimenyonywa. Zinaweza bado kuwasha taa ndogo, lakini kuinua moteri kunahitaji umeme mwingi sana kwa mara moja. Mtu anasema mfumo umekufa, kumbe batri imekesha ikifanya kazi nyingine.

Jibu la pili ni "tak" moja, halafu kimya. Hiyo ni habari njema kiasi, kwa sababu rele imesikia amri. Umeme umefika hapo, haujapita, au umepita na moteri ndogo imekwama. Batri dhaifu nayo huweza kusema "tak" tu, kwa hiyo ipime huku kifungo kimebonyezwa: ikianguka sana, shida iko kwake au kwenye nyaya zake. Kama batri ni nzima, kuna waya mbili nene zinazoingia kwenye moteri ndogo ya pampu, na kwenye aina nyingi ni ya buluu na ya kijani. Fundi anazitenga na rele, anazigusisha moja kwa moja na batri kwa sekunde chache. Moteri ikizunguka, mgonjwa ni rele au waya. Isipozunguka, mgonjwa yuko ndani: makaa ya kupitishia umeme yamekwisha, au maji yameingia na kutu imeshika. Na kama inakwenda juu lakini haishuki, au inashuka lakini haipandi, msikimbilie kununua pampu. Moteri ndogo ni ileile kwa pande zote mbili, kwa hiyo mara nyingi kosa liko kwenye rele au kifungo cha upande unaokataa.

Jibu la tatu ni mlio wa kuzunguka, nguuu, lakini moteri kubwa haisogei. Umeme umefanya kazi yake, sasa uliza mafuta. Labda yamepungua, labda hewa imeingia, labda skrubu ya kufungulia kwa mkono, ambayo nitaieleza, imeachwa wazi. Mafuta yanakaguliwa moteri ikiwa imeinuliwa mpaka mwisho na kuwekewa kizuizi chake. Kufungua kizibo moteri ikiwa chini ni kosa, kwa sababu mafuta yanaweza kuruka kwa nguvu. Yakifika kwenye mdomo wa tundu, yanatosha. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na povu, kuna hewa. Jaza, kisha panda na shuka mara kadhaa na ukague tena.

Jibu la nne ni moteri inayopanda vizuri, halafu inashuka yenyewe polepole kama mzee anayekaa kitini. Hapo mafuta yanarudi mahali yasipotakiwa. Kaza skrubu ile kwanza. Ikiendelea, tafuta alama za mafuta kwenye fimbo ya silinda na chini ya pampu. Kama nje ni pakavu, mafuta yanavuja ndani kwa ndani, kupitia mpira uliolika au uchafu uliokaa kwenye vali. Kazi hiyo inataka meza safi na mipira mipya, haifanywi mchangani.

Sasa skrubu yenyewe. Karibu kila moteri ya aina hii ina skrubu ya kufungulia mafuta kwa mkono. Inakaa ubavuni, kwenye chuma kinachoshika moteri na boti, mara nyingi ndani ya tundu la kuingizia bisibisi. Ukiizungusha polepole kushoto mpaka igome, bila kuitoa nje, mafuta yanapata njia, na moteri inaweza kuinuliwa au kushushwa kwa nguvu za watu. Kama ilikuwa juu, itashuka kwa uzito wake. Kwa hiyo watu wawili waishike kabla haijafunguliwa, kizuizi kitolewe, vidole na watoto vikae mbali. Moteri ikifika mahali pake, skrubu inakazwa tena. Asiyeikaza ataona siku anaporudi nyuma: moteri inaruka juu kwa sababu hakuna mafuta yanayoishika. Aina zinatofautiana, na kitabu cha moteri ndicho chenye neno la mwisho. Lakini kazi yote ni bisibisi moja, watu wawili na dakika mbili. Je, madereva wangapi wa boti wanajua mahali ilipo?

Nimeuliza swali hilo pwani, na jibu la mara nyingi ni: "Hiyo ni ya fundi." Ndiyo sababu naandika. Nimeona moteri kubwa ikifunikwa turubai majuma matatu, watu wakiamini imekufa, wenye boti wakihesabu dolari za kununua nyingine. Kijana mmoja mhami, aliyekuwa akitengeneza pikipiki kwao kusini mwa Lubero kabla ya kukimbia, aliomba ruhusa kuitazama. Alisikiliza, akasikia "tak", akafuata waya mpaka akapata mahali umeliwa na kutu chini ya mkanda wa plastiki. Akaukata, akausafisha, akaunga. Moteri ikapanda. Hakuwahi kusoma moteri za boti. Alijua umeme wa pikipiki, na hakuogopa.

Kijana huyo ndiye hoja yangu. Miji yetu ya Butembo na Beni imejaa mafundi wa pikipiki na vijana wa kwado. Wengi katika waliohama walikuwa na kazi ya mikono kabla ya kuwa majina kwenye orodha ya msaada. Tunawahesabu kwa idadi ya turubai na kilo za unga, hatuwaulizi mikono yao inajua nini. Shule zetu za ufundi zinafundisha magari na umeme, na ni vizuri. Lakini tuna ziwa mlangoni. Moteri moja mbovu ya boti ikiwekwa katikati ya karakana, wanafunzi ishirini wanaweza kujifunza batri, rele, pampu na silinda kwa siku chache. Anayejua hayo anaelewa pia lori la kumwaga na jeki ya gereji. Ujuzi huo haulali njaa hata mbali na ziwa.

Kwa mashirika na wakubwa wanaoleta boti, nasema kwa heshima: msikabidhi moteri ya kifungo kwa hotuba na picha tu. Pamoja na moteri wekeni sandukuni fizibule za akiba, rele moja, mipira ya silinda, chupa ya mafuta yake na kitabu chake kilichoelezwa kwa Kiswahili. Kisha watu watatu wa palepale waonyeshwe kazi, na angalau mmoja wao awe mhami. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na boti iliyolala.

Wavuvi nao nina neno lao. Kama kazi yako ni nyavu na mtumbwi wa kawaida, usione haya na moteri ya kuinua kwa mkono. Haina rele ya kuungua wala pampu ya kuvuja. Kifungo ni kwa boti nzito inayokihitaji. Si mapambo ya kumwonyesha jirani. Na wale ambao tayari mnazo, weka kando kidogo katika AVEC yenu kwa ajili ya vipuri, kama mnavyoweka kwa ugonjwa. Wafanyabiashara wa Butembo wanaoleta vipuri vya pikipiki kutoka Dubai na China, au kupitia mpaka wa Kasindi, wataleta na hivi wakijua kuna mnunuzi.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema, mafundi wa sasa watakosa mkate. Mimi sioni hivyo. Dereva akijua kufungua skrubu na kusafisha vichwa vya batri, bado hawezi kubadilisha mpira wa silinda. Atamletea fundi kazi ya kweli, na moteri itafika kwake ikiwa haijavunjwa. Wengine watasema, kijana asiyejua ataharibu. Hapo wana haki kidogo, maana nimeona yanayofanywa kwa kubahatisha: karatasi ya sigara ikiwekwa badala ya fizibule mpaka waya zikaungua, mafuta ya breki yakimwagwa kwenye pampu, nayo yanaharibu mipira yake, wakati moteri nyingi za namna hii zinataka mafuta mekundu ya gia za otomatiki au yale yaliyoandikwa kwenye kitabu, mtu akilala chini ya moteri iliyoinuliwa bila kizuizi, huku pampu ileile anayoishuku ndiyo inayoushika uzito juu ya kifua chake. Lakini hayo yanafanywa na watu ambao hawakufundishwa. Dawa yake ni kufundisha.

Wako pia watakaouliza kama hii ni habari ya kuandika wakati watu wanakufa. Nimetangaza vifo vya kutosha katika jimbo hili, na sitaacha kuvitangaza. Lakini mtangazaji anayewaambia watu siku zote yale wasiyoweza kuyabadili, anawachosha bure. Hatuna uwezo wa kuzima bunduki kwa bisibisi. Kushusha moteri kwa bisibisi tunaweza, na boti iliyoondoka pwani na watu wake ni jambo kubwa kwa waliomo ndani.

Kwa hiyo ombi langu kwa juma hili ni dogo. Wewe mwenye boti, kesho asubuhi kabla ya safari, mwite dereva wako na mtu wa pili. Tafuteni skrubu ile mkiwa pwani, kwa amani, jua likiwaka. Ifungueni, ishusheni moteri, ikazeni tena. Ipigeni alama ya rangi ili ionekane hata usiku, na bisibisi yake ifungwe kwa kamba palepale botini. Wewe kijana fundi uliyehama, usingoje kuitwa. Nenda pwani, jitambulishe kwa kamati ya wavuvi, omba kutazama moteri iliyolala. Na ninyi viongozi wa shule za ufundi, tafuteni moteri moja mbovu.

Tutakaporudi kwenye kipindi chetu cha simu, nitauliza swali moja kwa wasikilizaji wa pwani: skrubu yako iko upande gani? Natamani nisikie majibu mengi kuliko kimya.